Bastola ya Upana wa Meza

Pardee, Colorado
9 Aprili 1884

Baba yangu mpendwa,

Nimeianza barua hii mara nne kwa salamu, na mara zote nne mlio mmoja umeniingilia kabla sijamaliza kuuliza hali yako. Basi nautaja kwanza, kisha nitakuamkia kama ipasavyo. Ni mlio wa nyundo ya bastola inapovutwa kwa kidole gumba: mkavu, mdogo, kama mtu aliyevunja kijiti cha kibiriti katika chumba cha pili. Mlipuko uliofuata siukumbuki vizuri, ingawa wenyeji wanasema ulisikika mpaka kwa mhunzi. Ule mdogo ndio uliobaki.

Sasa nakuamkia, Baba, kwa heshima zote. Je, kifua chako kimetulia baada ya baridi ile? Nani anakusaidia kusaga dawa dukani tangu Orrin aende zake? Na Shangazi Dorcas, bado anagombana na bata wa jirani? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula vizuri na usingizi naupata. Theluji imeanza kuyeyuka huku na barabara zote zimekuwa uji wa tope.

Nisamehe kwa kutoijibu barua yako ya mwezi uliopita. Haikupotea. Imefungiwa kwenye kabati la mkuu wa polisi wa wilaya, ikiwa na karatasi ya namba iliyobandikwa pembeni, kwa sababu ni ushahidi. Mimi mwenyewe niliisoma nusu tu, nimesimama mbele ya posta.

Habari yenyewe ni hii. Alhamisi ya tarehe 20 Machi, saa kumi alasiri, nilimpiga mtu risasi kwa ile deringa, bastola ndogo ya mfukoni uliyonipa nilipopanda treni. Hakufa. Jina lake ni Enos Tackett, muuza makaa ya mawe, mwenye mkokoteni na nyumbu wawili. Risasi ilimwingia chini ya mtulinga wa kulia, na daktari ameamua kuiacha humo humo. Mashtaka yaliandikwa kwa jina lake, si langu. Jaji anayezunguka katika miji hii anafika Jumatatu ijayo, na kila mtu hapa alisema Tackett atapata miaka saba, labda kumi, kwa kunivamia mimi, mwalimu wa shule, na kunipora.

Nataka nikueleze kwa mpangilio, maana utasikia mengine kutoka kwa watu wengine, na gazeti la hapa limekwisha kuandika upuuzi wake.

Unakumbuka ulivyonifundisha ghalani. Ulisema mitutu miwili ya deringa, iliyopandana, ni mifupi kuliko kidole changu cha kati, kwa hiyo nisijidanganye kuwa nimebeba bunduki. Ulisema nyundo isilale kamwe juu ya risasi, kwani bastola ikianguka itajifyatua. Niivute mpaka nusu, iishie pale, na hapo hata nikikikaza kifyatulio haitatoka. Mwenye kutaka kufyatua sharti kwanza aivute nyundo sehemu iliyobaki, kwa gumba, kwa makusudi. Nilifanya hivyo kila asubuhi. Nilibana nywele, nikaweka nyundo nusu, nikaenda kufundisha hesabu.

Nilipofika hapa nilidhani mimi peke yangu ndiye mwenye kitu kama hicho. Kumbe wapangaji wote watano wa Mama Wooldridge wanazo. Mama Wooldridge ni mjane, mnene, mwenye sauti ya mnadi, na ndiye aliyeanzisha mazoezi ya Jumamosi. Tukisha kuanua nguo tunaitoa meza ya jikoni nje mpaka kwenye ukuta wa magogo, tunaigandamiza kwenye ukuta, na karata moja inapigiliwa msumari kwenye gogo. Mlengaji anasimama upande wa pili wa meza. Hapo ndipo mwisho. Mama Wooldridge haruhusu hatua moja ya nyuma. Siku ya kwanza niliuliza kama hatuwezi kujaribu kutoka mbali kidogo, naye alinitazama kwa huruma, akasema, “Binti, hii ni bastola ya upana wa meza. Ukitaka kumpiga mtu aliye ng'ambo ya barabara, mtupie kiatu.”

Anayekosa karata mara tatu anaosha vyombo vya Jumapili. Kwa wiki sita niliosha mimi. Kisha nikaacha kukosa. Philura Stagg, mshona kofia anayelala chumba cha jirani yangu, alikuwa akipiga makofi na kunitania kwamba mwanamume atakayenioa na aje kanisani na sufuria kifuani. Wachimbaji wanaopita nyuma ya ua hawakosi la kusema. Wanauliza, “Vipi kina mama, leo mnawinda nzi?” Naye Philura huwajibu, “Nzi wamekwisha! Sogea wewe!” Wote wanacheka na hakuna anayesogea.

Philura ndiye aliyenishonea mfuko ndani ya mkunjo wa sketi, akautandika ngozi laini ili nyundo isinase kwenye kitambaa. Ni fundi kwelikweli. Mkono unaingia na kutoka kama umetoa leso.

Jambo moja sikukuandikia katika barua za majira ya baridi, kwa kuwa sikuona namna ya kulieleza. Kuanzia Januari hivi nilianza kuwapima watu. Mwenye duka akinipa unga, nilijua papo hapo kwamba yuko meza moja. Mwenyekiti wa kamati ya shule akisimama mlangoni, meza tatu, bure. Sikuwa na chuki nao. Ilikuwa kama pale mtu anapojifunza majina ya ndege, halafu hawezi tena kupita kwenye miti bila kuyasema moyoni.

Sasa siku yenyewe. Nilitoka posta na barua yako, nikaisoma nusu, nikairudisha kwenye bahasha, nikaiingiza kwenye mkono wa koti langu nikitaka kuimalizia chumbani. Kurudi nyumbani kuna njia mbili: barabara kuu yenye maduka, na kichochoro kinachopita katikati ya mabanda ya kuhifadhia mawe ya madini. Nilishika kichochoro. Katikati nikasikia miguu mizito nyuma yangu, ikiharakisha. Niligeuka. Alikuwa Tackett, mweusi wa vumbi la makaa kuanzia kofia hadi buti, na mkono wake wa kulia ameuinua mbele. Nilipiga risasi moja. Alikaa chini kwenye theluji, akatazama koti lake, akasema, “Loo, Mwalimu.”

Watu walikuja mbio. Mkuu wa polisi, Bwana Danforth, ni mtu mpole mwenye sharubu za mvi, na anajulikana kwa adabu yake kwa wanawake. Alinivika koti lake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mtu alinishika. Sikujibu. Nilikuwa najaribu kupanga maneno. Akaona kimya changu, uso ukamwiva, akasema, “Basi, Mwalimu, basi. Usijilazimishe. Tumeelewa.” Alipouliza kama bahasha iliyokuwa mkononi mwa Tackett ni yangu nilisema ndiyo, kwa sababu ilikuwa yangu. Akauliza kama nilimpa. Nilisema sikumpa. Hakuniuliza tena. Huku si adabu kumhoji mwanamke mara mbili juu ya jambo kama hilo, Baba. Unaanza sentensi, nao wanaume wanakumalizia haraka ili usione haya. Jioni karani aliniletea maelezo yangu yakiwa yameandikwa tayari, kwa mwandiko mzuri, nami nikatia sahihi chini.

Koti la Tackett ndilo lililowamalizia mashaka wale wachache waliokuwa nayo. Lilikuwa na tundu mbele, na ukingo wa tundu umeungua na kutapakaa baruti. Mji mzima unajua maana yake. Deringa haiunguzi koti la mtu aliye mbali. Basi, walisema, alikuwa amemfikia Mwalimu, alikuwa juu yake. Bwana Danforth alilitundika lile koti ofisini na watu walikwenda kulitazama. Tackett aliwaambia kwamba alikuwa ananirudishia bahasha niliyoiangusha posta. Walicheka sana. Mmoja alimwambia, “Tangu lini posta imeajiri wabeba makaa?” Mwingine akasema labda alitaka kunisomea pia, maskini, asiyejua hata herufi ya jina lake.

Mimi niliheshimiwa. Nilipopita, wanaume walivua kofia. Kamati ya shule ilileta keki ya tufaha na barua ya pongezi. Darasani watoto walitulia kiasi ambacho sijapata kuona, na hesabu zao ziliboreka. Mama Wooldridge aliniwekea kiti karibu na jiko, akasema tangu leo sioshi chombo hata nikose karata hamsini. Philura alinikumbatia na kuniuliza sikioni, “Ilikuwaje, shoga? Uliogopa?” Nikamwambia sikuogopa. Akawaambia wengine, “Mnaona! Hakuogopa!” Na hilo nalo likaingia gazetini.

Wakati wote huo Tackett alikuwa selo, mkono umefungwa kifuani. Daktari alisema mkono utabaki lakini hautainua tena koleo la makaa.

Ana mke, jina lake Jerusha. Ndiye anayefua nguo za nyumba yetu. Anakuja kila Jumatatu asubuhi kuchukua mashuka na shimizi, na Alhamisi anarudisha. Nilidhani hatakuja tena. Alikuja Jumatatu ile ile ya kwanza, na ya pili, akachukua kapu langu pamoja na makapu ya wengine. Nguo zangu zilirudi zimepigwa pasi, kola zimekazwa kwa wanga kama kawaida. Mama Wooldridge alimfuata mpaka mlangoni akamwambia hakuna anayemlaumu yeye, mwanamke hawezi kujua mume anafanya nini barabarani. Jerusha alijibu kwamba yeye anajua, akaondoka.

Jumatatu iliyopita, juzi, alibisha mlango wa chumba changu. Hakukaa. Alisimama na kapu kiunoni, akasema maneno ambayo nakuandikia kama nilivyoyasikia.

“Mwalimu, sikuja kugombana. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu, halafu niende. Mume wangu amebeba makaa miaka kumi na mmoja. Wanawake wa mji huu wana nguo za rangi, akiwagusa kidogo wanapiga kelele, wanataka walipwe sabuni. Kwa hiyo hamsogelei mwanamke. Hata hapa, akileta makaa, si anasimama pale kwenye mti wa kamba za nguo, anapaza sauti? Mama Wooldridge si anamwambia kila siku, ‘Enos, wewe utanipasua masikio, njoo karibu,’ naye haji? Mimi mwenyewe, mkewe, hanisogelei mpaka aoge. Sasa niambie. Siku ile ndiyo alisahau?”

Nilimwambia hapana. Nilimwambia hakusahau.

Sikuona hasira usoni mwake, wala furaha. Akauliza kama nina nguo nyingine za kufua, maana anapita mara moja tu. Nikampa kola mbili.

Baba, hapa ndipo nilipotaka kufika, na naomba usome polepole.

Tackett alisimama mbali. Nilipogeuka alisimama pale pale, kama anavyosimama mbele ya mwanamke yeyote, akanyoosha mkono mrefu kadiri alivyoweza ili nisije nikachafuka. Ilikuwa saa kumi, jua bado juu ya mabanda, na theluji inaangaza. Niliiona bahasha. Niliona mwandiko wako juu yake, ile herufi ya kwanza ya jina letu unayoikata kwa mstari mrefu. Alisema, “Mwalimu, umeangusha.” Nilimsikia vizuri kabisa. Nilijua ni nani, nilijua ameshika nini, nilijua anataka nini.

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kutoka mfukoni. Nilimpima. Alikuwa meza mbili na zaidi, na mbali hivyo bastola hii haifai kitu. Basi nilipiga hatua kwenda mbele, kisha hatua ya pili. Yeye alirudi nyuma kidogo; nadhani alifikiri nakuja kuichukua bahasha na akaogopa kunipaka vumbi. Alipokuwa meza moja nilivuta nyundo kutoka nusu hadi mwisho, nikasikia ule mlio, na baada ya mlio palikuwa na nafasi. Ilikuwa fupi, lakini ilikuwepo, na ndani yake ningeweza kushusha mkono. Nimeirudia nafasi hiyo mara nyingi kichwani na kila mara naikuta pana zaidi. Kisha nikabana kifyatulio. Ndiyo maana koti liliungua. Hakunijia. Mimi ndiye niliyemwendea.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza kwa uangalifu mkubwa, kama ulivyonizoesha kuchunguza chupa isiyo na lebo. Sikuwa na hofu. Ingekuwepo, ningeishika kama kisingizio. Sikumchukia Enos Tackett. Nakumbuka tu kwamba kwa miezi mitatu nilikuwa nashika kile kichochoro wakati barabara kuu ilikuwa fupi na kavu. Nilijiambia nakwepa maongezi ya madukani. Nilikuwa nangoja, Baba. Nilibeba kitu chenye kazi moja, nikakijua sana, na kila siku iliyopita bila kazi hiyo niliihesabu kama siku iliyopotea. Alipotokea mtu kichochoroni, hata akiwa amebeba barua, sehemu moja ya nafsi yangu ilisema, haya, ndiye huyu. Sina namna nzuri zaidi ya kulieleza.

Ghalani uliniambia kwamba siku ikifika nisingoje mpaka niwe na hakika, kwani anayengoja hakika hufa. Sikulaumu kwa maneno hayo. Uliyasema kwa kunipenda, na yangenifaa kama ningekuwa katika mashaka. Mimi nilikuwa na hakika.

Jana asubuhi niliwaachia watoto kazi ya kuandika, nikaenda kwa mwendesha mashtaka. Bwana Danforth alikuwepo. Niliwaeleza kama nilivyokueleza wewe. Walinipa maji, wakaniambia nimechoka. Bwana Danforth alisema, kwa upole wake ule ule, “Mwalimu, hebu tulia. Yule mwanamke wake amekulilia, nawe una moyo laini.” Nikamwambia hakulia. Nikamwomba alete koti na rula. Nikamsimamisha dirishani, nikapima kwa rula upana wa meza mbili na zaidi, nikamwonyesha kwa kidole mahali Tackett aliposimama na mahali nilipoanzia mimi, kisha nikatembea. Nilipomfikia kwa hatua ya pili aliacha kutabasamu. Nilimwona akiniangalia mkono wa kulia, na hakuwa amewahi kuniangalia hivyo.

Tackett alitolewa selo kabla ya saa sita. Alipita mbele yangu ukumbini, akasimama mbali kidogo, akavua kofia kwa mkono wa kushoto. Jerusha alikuwa mlangoni na mkokoteni. Ameshajifunza kuwaendesha nyumbu.

Pardee haina selo ya wanawake, kwa hiyo nimewekwa katika chumba cha ushonaji nyumbani kwa Bwana Danforth. Mkewe ananiletea chai na kuiacha mlangoni. Mama Wooldridge amenitumia nguo zangu, zimekunjwa vizuri, bila barua. Philura alikuja mpaka dirishani, akaniita mjinga, akasema nilikuwa nimekwisha kuokoka na nimejirudisha mwenyewe mtoni, kisha akalia. Nilimwambia ule mfuko aliushona vizuri mno. Nilikusudia kumsifu, lakini nadhani hakulichukua hivyo.

Nakuomba usifunge duka kuja huku. Safari ni ndefu na kifua chako hakijapona. Wala usinitafutie mtu wa kunitetea kule Denver. Nisalimie Shangazi Dorcas, mwambie soksi alizonifumia zinanitosha na ndizo nilizovaa sasa. Nisalimie Orrin ukimwandikia, na wote wanaopita dukani wakiuliza habari zangu. Waambie ukweli, au usiwaambie kitu, utakavyoona vema.

Jambo la mwisho. Jana mchana mwendesha mashtaka alinisomea maelezo mapya kabla sijatia sahihi. Alikuwa ameandika kwamba kidole changu kiliteleza kwa ajili ya baridi, na kwamba risasi ilitoka kwa bahati mbaya. Alisema mahakama ya hapa itayapokea maneno hayo kwa furaha, na kwamba huenda nikarudi darasani kabla ya majira ya joto. Bwana Danforth alitikisa kichwa kukubali na kunisogezea wino. Nilimshukuru mwendesha mashtaka. Nikachukua kalamu, nikapiga mstari juu ya kidole, na baridi, na bahati mbaya, nikaandika pembeni kwa mwandiko wangu: kwa kukusudia, baada ya kumtambua. Kisha nikatia sahihi, mara mbili, palipofutwa na chini kabisa, nikamrudishia karatasi yake.

Mimi binti yako akupendaye,
Almira Thackston